Somo: Kutumia tiba ya homoni huku bado unatafuta mtoto

Wako wanawake wanaokatisha dawa zao za homoni kimyakimya, bila kumwambia daktari, kwa kuamini kwamba kidonge kinachowaletea hedhi ndicho kinachowazuia kushika mimba. Joto la ghafla linarudi, usingizi unapotea, mifupa inazidi kudhoofika, na mimba haiji upesi zaidi kwa hilo. Somo hili nimeliandika kwa ajili yao: wanawake wa chini ya miaka 40 ambao ovari zao zimechoka mapema, wameandikiwa homoni, na bado wanatamani kuzaa.

Tuelewane kwanza. Tiba ya homoni haizuii mimba, na haileti mimba. Inarudisha estrojeni ambayo ovari haziitoi tena kwa kiasi cha kutosha. Kitakachobadilika ni namna ya kuusoma mwili wako, kwa sababu dalili ulizozizoea zitaanza kukudanganya. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha jina la tatizo lako

Kuchoka kwa ovari mapema hutajwa pale hedhi inapovurugika au kupotea kwa angalau miezi 4 kabla ya miaka 40, na kipimo cha damu kikaonyesha FSH, homoni ya ubongo inayoziamsha ovari, ya zaidi ya 25. Mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 au zaidi ili kuondoa mashaka. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba tatizo hili humpata mwanamke 1 kati ya 100. Makadirio ya karibuni yako juu zaidi, kiasi cha 3 na ushei kati ya 100.

Usiridhike na FSH peke yake. Uliza kuhusu kipimo cha kromosomu, kipimo cha jeni ya FMR1, tezi ya shingo na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Kwa anayetafuta mtoto, vipimo hivi ni vya lazima. Mwenye hali ya Turner, yaani aliyezaliwa na upungufu wa kromosomu ya X, anahitaji moyo na mshipa mkuu wa damu uchunguzwe kabla ya mimba, kwani mimba inaweza kuuhatarisha mshipa huo. Mwenye badiliko kwenye FMR1 anaweza kumrithisha mtoto tatizo kubwa la akili hata kama yeye mwenyewe hana dalili nyingine. Adrenali iliyodhoofika bila kujulikana ni hatari kwa mama mjamzito. Na ukipata majibu, waambie ndugu zako wa kike. Kuna familia ambazo jambo hili hutembea kwenye damu.

Hatua ya 2: Soma jina lililoandikwa kwenye pakiti

Watu husema "natumia homoni" kana kwamba ni kitu kimoja. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vina estrojeni na homoni ya jamii ya projesteroni, na madaktari wengine huviandika kwa tatizo hilihili, hasa kwa wasichana wadogo. Lakini hivyo hulaza ovari kwa makusudi. Kama unatafuta mtoto na pakiti yako ni ya uzazi wa mpango, rudi kwa daktari umwambie wazi unachokitaka. Kitanzi chenye homoni nacho kinazuia mimba, hata kama kimewekwa kwa ajili ya kulinda mji wa mimba.

Tiba ya homoni yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni estrojeni, kwa kidonge, kibandiko au jeli. Kwa mwanamke kijana dozi ya kawaida ni takriban miligramu 2 za estradioli (ndiyo estrojeni yenyewe) kwa kidonge, au kibandiko cha mikrogramu 100. Ukikuta umepewa dozi ndogo kama ya mama wa miaka 55, uliza sababu. Anayeweza kupata damu kuganda kwenye mishipa, kwa uzito au historia ya familia, mara nyingi hupendekezewa kibandiko au jeli.

Ya pili ni projesteroni, inayozuia estrojeni isiuneneshe ukuta wa mji wa mimba kupita kiasi. Inatumiwa kwa njia mbili: kila siku bila kukatisha, au kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, kisha hedhi inakuja. Kwa anayetafuta mimba, hii ya pili ndiyo inayofaa. Projesteroni ya kila siku huufanya ukuta wa mji wa mimba kuwa mwembamba na ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito, tena inakunyima hedhi ambayo ingekuwa saa yako ya mwezi.

Aina nayo ina maana. Projesteroni ya asili, au didrojesteroni, ndizo zinazopendelewa kwa mtu anayeweza kushika mimba wakati wowote. Noretisteroni na medroksiprojesteroni hazifai kutumiwa katika mimba, kwa hiyo omba kubadilishiwa. Projesteroni ya asili huleta usingizi, imeze usiku.

Hatua ya 3: Weka kando vipimo vya kutafuta siku ya yai

Vijiti vya mkojo vya kupima yai kupevuka hutafuta homoni ya LH, ambayo kwa kawaida hupanda ghafla kabla ya yai kutoka. Kwa mwanamke ambaye ovari zake zimechoka, LH huwa juu siku nyingi za mwezi, kwa hiyo kijiti kitakuonyesha mistari miwili hata wiki ambayo hakuna yai lolote. Wanawake hutumia fedha na machozi kwenye vijiti hivi bure kabisa.

Kupima joto la mwili asubuhi nako hakusaidii, kwa sababu projesteroni unayoimeza hupandisha joto vilevile kama ile inayotoka kwenye ovari baada ya yai kupevuka. Ute wa kuvutika unaweza kuletwa na estrojeni ya kwenye kibandiko. Na hedhi inayokuja baada ya kumaliza projesteroni ni ya dawa. Haithibitishi kwamba yai limetoka. Programu ya simu inayokuhesabia "siku za hatari" kwa kutumia hedhi hiyo inakisia tu.

Hata FSH ikipimwa ukiwa kwenye dawa hushuka, kwa kuwa ubongo umeona estrojeni na kupunguza kelele. Kushuka huko si kupona.

Hatua ya 4: Msiweke miadi na yai

Ovari hizi huweza kuamka bila taarifa, mwezi wowote, kisha zikalala tena. Kwa hiyo njia ni moja: tendo la ndoa kila baada ya siku 2 au 3, mwezi mzima, bila kalenda ukutani. Kati ya wanawake 100 wenye tatizo hili, kama 5 hadi 10 hushika mimba wenyewe baada ya kuambiwa tatizo lao. Ni wachache, sikufichi.

Ukavu ukiwapo, estrojeni ya kupaka ukeni husaidia. Angalia vilainishi, maana vingi hupunguza mwendo wa mbegu. Chagua kilichoandikwa kwamba kinafaa kwa wanaotafuta mtoto. Na mume apimwe shahawa mapema. Inashangaza ni mara ngapi mke amepimwa kila kitu na mume hajatoa hata kikombe kimoja.

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, ianze sasa.

Hatua ya 5: Hedhi isipofika, pima

Ukimaliza projesteroni na hedhi isije kama ilivyo kawaida yako, pima mimba. Ukipata matone machache tu badala ya hedhi, pima pia. Estrojeni na projesteroni haziharibu majibu ya kipimo cha mimba.

Kikionyesha mimba, mpigie daktari siku hiyohiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu dawa. Kwa mimba iliyokuja yenyewe, kwa kawaida tiba husimamishwa kwa maelekezo yake, kwa kuwa mwili unatengeneza homoni zake, kisha ultrasaundi hufanywa mapema. Kwa mimba iliyopandikizwa kwa yai la mwanamke mwingine (hatua ya 6) mambo ni kinyume kabisa: ovari hazitoi chochote, dawa ndizo zinazoishikilia, na hazikatishwi mpaka kondo la nyuma lichukue kazi, yaani kwenye wiki ya 10 hadi 12. Kuziacha kabla ya hapo kunaweza kuitoa mimba. Usichukue ushauri wa mwenzako bila kujua mimba yake iliingia kwa njia gani.

Hatua ya 6: Jadilini mapema yai la kuchangiwa

Si lazima mkubali. Ila ndiyo njia yenye matumaini makubwa zaidi kwa tatizo hili, kwa sababu mafanikio hufuata umri wa aliyetoa yai na si hali ya ovari zako. Mji wa mimba uliopata estrojeni ya kutosha kwa miaka yote hii hupokea vizuri zaidi kuliko uliokaa mkavu. Mimba za namna hii huhitaji kuangaliwa kwa karibu, kwani shinikizo la damu la mimba hutokea mara nyingi zaidi.

Maswali ya wanachama

*Dada, nataka niache homoni miezi mitatu nione kama ovari zitaamka zenyewe. Nitapata madhara?*

Hakuna uthibitisho kwamba kuacha huamsha ovari. Estrojeni ya tiba haizilazi kama vidonge vya uzazi wa mpango. Wanawake wameshika mimba wakiwa wanaitumia. Utakachopata kwa hakika ni jasho la usiku, ukavu utakaowafanya mkimbiane chumbani, na mifupa kukosa kinga yake. Kama una sababu nyingine ya kutaka kuacha, zungumza na daktari.

*Nimeona watu wanapewa klomifeni na wanazaa. Kwa nini mimi nimenyimwa?*

Klomifeni humdanganya ubongo atoe FSH zaidi. Wewe FSH yako iko juu tayari. Ni sawa na kumwongezea sauti mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe hawaitiki. Inawafaa wanawake ambao ovari zao zina mayai ya kutosha ila hayapevuki kwa mpangilio. Hao ndio uliowaona wakizaa. Na jihadhari na anayekuuzia sindano ya damu yako mwenyewe kwenye ovari kama tiba iliyothibitishwa. Bado ni majaribio.

*Sikujua kama nina mimba, nimemeza estradioli na projesteroni ya asili hadi wiki ya sita. Nimemdhuru mtoto?*

Hongera kwanza. Hizo ni homoni zilezile ambazo mwili wenye mimba huzitengeneza, tena kwa wingi mkubwa kuliko dozi yako. Hazijulikani kuleta madhara kwa mtoto. Mwone daktari wiki hii, umpelekee pakiti yenyewe aisome.

*Nilitibiwa saratani ya matiti, ovari zikafa kwa dawa za saratani. Hatua hizi zinanihusu?*

Hapana, mama. Baada ya saratani ya matiti tiba ya homoni kwa kawaida haitolewi. Mpango wako wa mtoto uanzie kwa daktari wako wa saratani, kabla ya daktari wa uzazi. Mifupa na joto la ghafla vina dawa nyingine zisizo za homoni, ziulizie hizo.

*Na sisi ambao hatujatibiwa saratani? Naogopa kuitumia miaka kumi nikisubiri mtoto kisha nipate saratani ya matiti.*

Hofu hii inatokana na taarifa za wanawake walioanza homoni baada ya kukoma hedhi kwa umri wa kawaida. Wewe unarudishiwa kile ambacho wenzako wa rika lako bado wanacho mwilini. Kwa hiyo hatari yako hulinganishwa na yao, na kuitumia hadi kwenye miaka 50 hivi haijaonekana kuipandisha juu ya hapo. Kuikosa ndiko kunakohusishwa na mifupa kuvunjika na maradhi ya moyo.

*Mimi nina miaka 46, hedhi imeanza kuruka, nimepewa homoni kwa ajili ya joto. Sitafuti mtoto. Ninaweza kushika mimba?*

Nafasi ni ndogo lakini ipo, na dawa uliyopewa haikulindi. Tumia kinga. Kitanzi chenye homoni kinaweza kukufanyia kazi mbili kwa pamoja, ya kuzuia mimba na ya kulinda ukuta wa mji wa mimba, ukiongeza estrojeni ya kibandiko au jeli. Mwulize daktari kama kinakufaa.

*Kijiti cha yai kimenionyesha mistari miwili siku saba mfululizo. Je, ni yai lenye nguvu?*

Rudi hatua ya 3, shoga yangu, na vijiti vilivyobaki mpe anayevihitaji.