Namna ya Kuandaa Kabichi na Loshuu Bila Kupoteza Faida Yake

Mboga za jamii ya kabichi tunazonunua Soko la Kilombero jijini Arusha, kama loshuu, chainizi, sukuma wiki na kabichi yenyewe, zina viambata viitwavyo glukosinoleti, ambavyo hubaki vimelala mpaka jani likatwe na vikutane na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali) cha mirosinesi kilichotengwa mahali pengine ndani ya jani hilohilo. Ule ukali unaopanda puani unapokata loshuu ndiyo dalili kwamba kazi ya kuvigeuza kuwa viambata vyenye faida imeanza.

Kwa hiyo osha mboga zikiwa nzima, zikate nyembamba, kisha uziache kwenye sinia kwa dakika 40 hivi kabla ya kuzibandika motoni, kwa sababu joto kali huharibu kimeng'enya hicho. Zipike kwa mvuke kwa dakika chache tu; ukizichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, kama wengi wetu tulivyozoea, unamwaga na viambata vyenyewe. Zilizokwisha kuiva zinyunyizie unga wa mbegu za haradali, wenye mirosinesi yake.

Salforafani, kiambata kinachozalishwa kwa njia hiyo brokoli inapokatwa, ambayo Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani waliitambua mwaka 1992, huamsha vimeng'enya vya mwili vinavyoondoa sumu, ila kinga dhidi ya saratani imeonekana zaidi maabara na kwa wanyama kuliko kwa binadamu. Nasisitiza kwa moyo wote: mgonjwa wa saratani asiache matibabu kwa ajili ya mboga, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kabla ya kuongeza majani haya, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.