Kufufua Land Rover ya zamani mjini Tabora: anza na breki, na usitupe kitu

Tabora ni mji ambao magari ya zamani hayajawahi kuisha kabisa. Chini ya miembe, nyuma ya nyumba na pembeni mwa karakana bado utaikuta Land Rover ya Series IIA, iliyotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, au ya Series III iliyoifuata na kuendelea hadi 1985, imekaa juu ya mawe na majani yameota hadi kwenye bampa. Mwenyewe akikuuzia au akikukabidhi, shauku ya kwanza huwa ni kuazima betri na kujaribu kuiwasha siku hiyo hiyo. Naomba usifanye hivyo. Gari lililolala miaka kumi lina mambo ya kukueleza kabla halijanguruma, na mengi kati ya hayo hupotea mara tu spana inapoanza kazi.

Maelezo haya yanahusu zaidi injini ya petroli ya lita 2.25, yenye silinda nne, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila Jumamosi pamoja na wenzangu. Msimamo wetu ni mmoja: lolote utakalolifanya kwenye gari la zamani liwe linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Kifaa cha zamani hakitupwi mpaka kipya kimethibitika barabarani, na chuma cha chesi hakikatwi kwa ajili ya kitu ambacho kingeweza kufungwa kwa bolti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika. Piga picha za kila upande wa injini, nyaya na mabomba ya breki kabla hujafungua kitu. Kisha kila nati na bolti ziingie kwenye kopo lenye karatasi inayosema zimetoka wapi. Hili si suala la unadhifu tu. Land Rover hizi zimefungwa kwa bolti za vipimo vya inchi, tena vya aina zaidi ya moja, na bolti mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa na nyuzi tofauti. Tafuta spana za inchi hata kama ni za mkono wa pili, kwa sababu spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayoua kingo za nati. Angalia pia ni ncha ipi ya betri iliyounganishwa na bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunganisha chanya kwenye bodi, na ukifunga redio au altaneta ya siku hizi bila kulijua hilo, utaiunguza papo hapo.

Baada ya hapo lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, na ndiyo maana huonekana nzima hata baada ya nusu karne, lakini chesi yake ni ya chuma na ni mrija wa pembe nne ulio wazi ndani. Masika yetu ya kuanzia Novemba hadi Aprili huingiza humo tope jekundu, nalo likikauka huziba matundu ya kutolea maji na kubaki na unyevu miezi mingi. Gonga kidogo kidogo kuanzia mbele kwenda nyuma na usikilize. Chuma kizima hutoa mlio mkali unaorudi mkononi, na kilicholiwa hutoa mlio mfu, kama unagonga gogo lililooza. Unaposikia huo, bonyeza na bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki. Sehemu zinazokufa mapema ni boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka chesi kwenda kubeba bodi, na miguu ya ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Kagua pia kila mahali alumini inapokutana na chuma, kwa sababu metali hizo mbili zikilowa pamoja alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Unaporudisha bodi, weka rangi au mpira mwembamba katikati yake.

Kiraka cha kuchomelea kiwe kwenye chuma kilichokatwa hadi kizima, kamwe kisiwe juu ya kutu. Ondoa betri na tangi la petroli kabla fundi wa kuchomelea hajafika. Rangi ikishakauka, jaza ndani ya chesi nta, na hapa sisi wa Tabora tumebahatika, maana nta ya nyuki haitusumbui kuipata. Tunayeyusha sehemu moja ya nta kwa sehemu nne hivi za oili safi ya injini, kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyoipuliwa, mbali na moto wenyewe, kisha tunapuliza mchanganyiko huo ndani ya chesi saa saba mchana, wakati chuma chenyewe kina joto na kinaufanya utambae hadi kwenye pembe. Uchomeleaji wowote umalizike kabla ya hapo, kwani nta huwaka. Vilevile isiguse mipira ya breki, kwa sababu oili ya injini huifanya ivimbe.

Breki ndizo zinazofuata, kabla ya injini. Najua wengi hufanya kinyume, na najua sababu: injini inayonguruma inatia moyo. Lakini injini ikishawaka hakuna atakayejizuia kulitembeza gari, na wapo waliogundua kwenye mteremko kwamba pedali inazama hadi sakafuni. Pandisha gari juu ya stendi za chuma, usiamini jeki peke yake wala tofali, kisha vua ngoma za breki. Vumbi lililomo lichukulie kuwa lina asbestosi, madini yanayodhuru mapafu, kwani bitana za zamani zilitengenezwa nayo. Lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, bali lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa kitakachotupwa kikiwa bado kimelowa. Silinda za magurudumu na silinda kuu zifunguliwe, na mipira yote ibadilishwe bila kubembeleza. Ujaze mafuta mapya ya breki kutoka kwenye kopo lililokuwa limefungwa, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na kutoa hewa kuanze na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu.

Usisahau hosi. Gari langu la kwanza lilikuwa na hosi za mpira zilizoonekana nzuri kwa nje, nikaziacha ili kupunguza gharama. Safari ya kwanza kuelekea Sikonge, gari lilianza kuwa zito, likavuta kushoto, na niliposimama gurudumu la mbele lilikuwa la moto kiasi cha kutoa harufu. Hosi ilikuwa imevimba kwa ndani: mguu wangu ulikuwa na nguvu ya kusukuma mafuta kupita, lakini springi za breki hazikuwa na nguvu ya kuyarudisha. Tangu siku hiyo, gari lolote linalolala kwetu linapata hosi mpya.

Sasa injini. Vua plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, acha hadi kesho yake, halafu izungushe kwa handeli. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kwani handeli ikirudi nyuma ghafla huvunja gumba lililoizunguka. Ikizunguka kwa wepesi, badilisha oili na maji, mwaga petroli yote ya zamani, safisha kabureta, kisha hamia kwenye moto wa plagi.

Platini, yaani vile vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyounga na kukata umeme wa koili, ndizo zenye lawama nyingi kuliko zinavyostahili. Vua kifuniko cha distribyuta na uzungushe injini kwa mkono huku ukiutazama mhimili wa katikati. Una pembe nne, na platini huachana kabisa pale kidole chao kinapokaa juu ya pembe mojawapo. Hapo ndipo unapopima. Filagauji, yaani bati jembamba la kupimia nafasi, ya milimita 0.35 hadi 0.40 ipite katikati ya platini ikiwa inagusa pande zote mbili kwa wepesi, kama karatasi inayovutwa kutoka kati ya kurasa za kitabu kilichofungwa. Ikiwa uso mmoja una kilima na mwingine una shimo, kipimo chako ni cha uongo, kwa kuwa filagauji inapumzika juu ya kilima. Sawazisha kwanza kwa tupa nyembamba au badilisha. Paka grisi chembe tu kwenye mhimili, funga skurubu, kisha pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza kipimo. Mfuatano wa moto ni 1-3-4-2, na nambari moja iko upande wa rejeta.

Kuhusu kondensa, kile kifaa kidogo kinachozuia cheche zisiunguze platini, ninayo hadithi fupi. Niliwahi kununua mpya dukani, nikafunga, na gari likakata moto baada ya dakika ishirini za joto. Nilibadilisha koili, plagi na nyaya zote kabla sijakumbuka kwamba kondensa ya zamani iko kwenye kopo lake. Niliirudisha, injini ikatulia. Upya wa kifaa si uthibitisho wa uzima wake.

Tapeti, yaani nafasi kati ya kila valvu na mkono unaoibonyeza, zina njia nzuri ya kupimwa ambayo kila anayeanza aijue. Valvu ziko nane. Hesabu kuanzia mbele, zungusha injini mpaka valvu ya nane iwe imebonyezwa kabisa, halafu pima ya kwanza. Ya sita ikibonyezwa, pima ya tatu. Ya nne, pima ya tano, na kadhalika, jumla ikiwa tisa kila wakati. Nafasi ni milimita 0.25 kwa zote. Andika vipimo kwenye daftari, kwa sababu petroli yenye risasi iliondolewa kote kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na baadhi ya injini za zamani zina viti vya valvu vilivyotegemea risasi hiyo. Ukiona nafasi ya valvu za moshi inapungua kila unapopima, kiti kinaliwa, na dawa yake ni viti vigumu vya kupachikwa na fundi wa mashine.

Wengi hutuuliza kuhusu kubadilisha injini na kuweka ya dizeli ya Toyota. Sisi hatukatazi, kwani mafuta ni ghali na wapo wanaolitegemea gari kwa kazi. Tunachosisitiza ni kwamba mikono ya kubebea injini hiyo ifungwe kwa bolti, injini ya mwanzo ihifadhiwe ikiwa imepakwa oili na kufunikwa, na badiliko liripotiwe Mamlaka ya Mapato (TRA), maana namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Mikanda ya usalama, rilei za taa kubwa na altaneta ni nyongeza ninazozipendekeza kwa moyo wote.

Kazi hii haifai kufanywa peke yako. Filagauji, kipima kompresheni, spana ya kitovu na taa ya taimingi havina sababu ya kununuliwa na kila mtu. Kwetu vinakaa kwa mmoja na daftari la kuazimana. Spea zinazoagizwa Kariakoo tunaziunganisha kwenye mzigo mmoja. Na ukimpata mzee aliyewahi kuendesha au kutengeneza magari haya enzi zake, mwamkie, mpe kiti kivulini, na umwache asikilize injini yako kabla hujamweleza tatizo. Mzee mmoja aliwahi kutuambia kwamba kabureta yetu haina kosa, hewa inaingia kwenye gasketi ya manifoldi, na kweli tulipoikaza mlio ulibadilika.

Gari likishatulia, lipeleke mwendo mfupi pamoja na wengine. Sisi huenda Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa 1872, au bwawa la Igombe, magari matatu au manne yakifuatana kwa nafasi ya kutosha ili vumbi lisimzibe anayefuata, na mwenye gari jipya kufufuka akiwa katikati. Kila gari libebe maji, mkanda wa feni, platini na kondensa iliyokwisha kutumika na kuaminika. Baada ya kilomita kumi hivi simameni wote, mzunguke kila gari na kuweka kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu. Vitovu vyote vikiwa na uvuguvugu unaofanana, endeleeni. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, breki imeshika au beringi imekazwa kupita kiasi, na gurudumu hilo lifunguliwe hapo hapo, chini ya mti wa karibu, kabla ya safari kuendelea.