Kutafuta marejeo na kupima uzito wa jarida, vile mimi hufanya hapa Kampala

Wenzangu mnaoandika tizisi, hii kitu nimeulizwa mara nyingi sana, na najua kwa nini. Supavaiza anakwambia nenda utafute makala zilizorejelewa sana kwenye majarida yenye impakti fakta, yaani namba ya wastani wa mara ambazo makala za jarida hutajwa, alafu anaenda zake, wewe unabaki hapo Wandegeya na laptopu na bando ya siku moja hujui uanzie wapi. Basi nitaonyesha kwa mfano mmoja wa nyumbani kabisa.

Fungua Google Scholar, ile sehemu ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, ni bure, andika Zika virus isolations and serological specificity. Itakuja makala ya Dick, Kitchen na Haddow ya mwaka 1952, kuhusu kirusi kilichopatikana 1947 kwa tumbili msitu wa Zika, hapo karibu na Entebbe, yaani ile njia tunapita kila tukienda airport. Chini yake kuna maneno Cited by na namba. Wengi wanasoma ile namba wanaendelea na safari, na hapo ndipo wanapoteza mali, manake ile namba ni linki, ukiibonyeza unapata orodha ya kila makala ambayo Scholar inajua kwamba imeitaja hiyo ya 1952. Sasa weka tiki kwenye kiboksi cha Search within citing articles, andika Uganda, itafute tena ndani ya hao hao. Alafu pale kushoto chagua miaka, weka 1952 hadi 2006 uone, kisha weka 2016 kuendelea uone. Tofauti itakushtua. Makala ilikaa miaka na miaka wachache tu ndio wanaijua, ugonjwa ulipolipuka Brazil 2015 na WHO ikatangaza dharura Februari 2016, kila mtu duniani akaja kuitafuta. Shikilia huo mfano, nitaurudia.

Hiyo ndiyo kwenda mbele, unafuata waliokuja baada ya makala. Kurudi nyuma ni rahisi zaidi, fungua makala mpya nzuri, nenda kwenye orodha yake ya marejeo mwishoni, chukua yale majina yanayojirudia kila mahali. Ukifanya pande zote mbili kwa makala 3 nzuri umeshapata watu wanaobishana kwenye mada yako, na hiyo ndiyo literecha rivyuu yenyewe, si kurundika majina.

Unapotafuta, maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu, ukimtaka mwandishi fulani andika author: na jina lake bila nafasi katikati. Na kwa sisi tunaosoma Kiswahili, tafuta mara mbili, mara moja kwa neno Kiswahili na mara ya pili kwa Swahili, manake huyu ameandika hivi na yule vile na ukitumia moja tu unaacha nusu ya watu nje. Jaribu pia maneno ya Kiswahili chenyewe, isimu jamii, fasihi simulizi, utapata vitu ambavyo kwa Kiingereza havitokei kabisa.

Ukikuta ukuta wa kulipia usitoe hela haraka. Bonyeza All versions chini ya makala, mara nyingi kuna PDF ya bure kwenye hifadhi ya chuo fulani. Alafu kuna AJOL, yaani African Journals Online, tovuti iliyokuwepo tangu 1998, ina majarida ya Afrika peke yake, ndimo utakuta African Health Sciences ya hapa kwetu Makerere. Na nenda laibrari uulize kuhusu Research4Life, mpango wa kufungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, wenye mambo ya afya na kilimo hasa, manake nchi kama zetu zinaingia kupitia taasisi na watu wanamaliza masters bila kujua kama ipo. Mkutubi ukimuuliza kwa adabu anafurahi sana, hakuna anayemuuliza.

Kunakili rejeo: bonyeza ile alama ya kunukuu chini ya makala, chagua mtindo unaotakiwa. Lakini naomba sana ulinganishe na PDF yenyewe, Scholar inasomwa na mashine na inakosea, utakuta mwaka sio, kurasa hazipo, jina la mwandishi limekatwa. Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure na itakutunzia yote.

Sasa uzito wa jarida. Impakti fakta ilitokana na kazi ya Eugene Garfield wa Marekani, na ile ya kweli inatoka kwa Journal Citation Reports, ripoti ya kampuni ya Clarivate tu, sio kwingine. Hesabu yake haina uchawi. Tuseme jarida lilichapisha makala 40 mwaka 2022 na 60 mwaka 2023, jumla 100. Mwaka 2024 hizo 100 zikatajwa mara 150. Gawa 150 kwa 100, impakti fakta ya 2024 ni 1.5. Basi. Angalia imehesabu nini: miaka 2 tu, na ni ya jarida zima, sio ya makala yako. Kwenye jarida hilo hilo makala 5 zinaweza kubeba marejeo karibu yote na zingine hazijaguswa. Na ile makala yetu ya Zika, ungeipima kwa dirisha la miaka 2 ungeipita kama haipo, na ndiyo msingi wa yote yaliyokuja baadaye. Kwa hiyo mtu akikwambia makala ni dhaifu kwa sababu jarida lina namba ndogo, mwulize kama ameisoma.

Kama huna hela ya Clarivate, nenda SCImago, bure bila hata kujisajili, andika jina la jarida, itakupa SJR, yaani alama ya uzito wa jarida, na robo yake, Q1 ni robo ya juu kabisa kwenye fani hiyo na Q4 ya chini. SJR inaangalia pia nani amekutaja, ukitajwa na jarida zito inahesabika zaidi. Scopus, databesi nyingine kubwa ya makala, nao wana CiteScore, kipimo kama impakti fakta ila inatumia miaka 4. Linganisha ndani ya fani tu, watu wa tiba wanatajana upesi, wa historia wanachukua miaka, ukiwaweka kwenye mizani moja unawaonea. Na majarida ya Kiswahili mengi hayamo kabisa kwenye hizo databesi, kutokuwemo sio ubovu.

H-indeksi ni ya mtu, sio ya jarida: h ni idadi ya makala zake ambazo kila moja imetajwa angalau mara h. Alianzisha mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala zake kuanzia iliyotajwa zaidi, mfano 9, 7, 4, 3, 1. Ya tatu ina 4, inatosha 3. Ya nne ina 3, haifiki 4. Basi h yake ni 3. Kwenye Scholar mara nyingi huwa kubwa kuliko Scopus manake Scholar inahesabu hadi tizisi na ripoti, kwa hiyo ukiiandika kwenye CV sema umeitoa wapi na tarehe gani.

Hapa naongea kwa uchungu. Mimi niliwahi kutuma dola 120 kwa jarida lililoniandikia imeili tamu, uchapishaji siku 3, impakti fakta kubwa pale juu ya ukurasa. Kumbe namba ya kujitungia. Makala yangu ilitoka, miezi kadhaa baadaye tovuti ikapotea na kazi yangu nayo, na siwezi kuipeleka kwingine kama mpya. Banange, angalia kwanza: jina na ISSN yake, ile namba ya utambulisho wa jarida, vitafute kwenye Master Journal List ya Clarivate, kwenye orodha ya Scopus, kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi, kama ni la kusomwa bure. Fungua makala zake 2 uzisome. Andikia mtu mmoja wa bodi ya uhariri umwulize kama anajua yumo.

Ukishapata makala yako kuu, rudi kwenye ile orodha ya waliorejelea, bonyeza Create alert, weka imeili yako. Scholar ikiona makala mpya imeitaja utapata ujumbe, bila kuchoma bando.