Somo: Jaketi la panki kutoka mivumba (nguo za mitumba) ya soko la Owino, hatua kwa hatua

Wengi mmeniuliza lile jaketi langu la jinzi nimenunua duka gani. Jamani sikulinunua hivyo lilivyo, nimelitengeneza kwa mikono yangu hapahapa Kampala, wiki mbili za jioni, na leo nawaelekeza.

Ila kabla ya mkasi mumjue kwanza mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood, manake bila yeye mtadhani panki, ule mtindo wa muziki na mavazi ya uasi, ni kuchana nguo tu. Huyu mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uingereza. Mwaka 1971 yeye na mwenzi wake Malcolm McLaren wakafungua duka namba 430 King's Road, London, na kushona alijifunza kwa kufumua nguo za zamani aone zilivyoungwa. Kwenye duka hilo ndo zikatoka zile nguo za mikanda na sefti pini walizovaa bendi ya panki ya Sex Pistols. 1981 akafanya onyesho lake la kwanza jukwaani, 2006 akapewa cheo cha heshima cha Uingereza cha Dame, mtu angedhani sasa atatulia, wapi! Julai 2020, ana miaka 79, alikaa ndani ya tundu kubwa la kufugia ndege lililoning'inizwa nje ya mahakama ya London, akimtetea Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks. Mimi huyo namheshimu sana.

Haya, hatua ya kwanza ni jaketi lenyewe. Wahi Owino asubuhi marobota yanapofunguliwa, tafuta jinzi nzito isiyovutika. Ivute kwa mikono miwili, ikirudi kama mpira iache. Kagua kwapani na kwenye kola, hapo ndo huanza kuoza.

Hatua ya pili, fua, anika, halafu fumua mfuko mmoja kwa wembe, taratibu, uzi kwa uzi. Usiruke hii! Mfuko mmoja utakufundisha mengi kuliko video kumi, utaona fundi alikunja wapi na alirudia mshono wapi.

Hatua ya tatu ni kuchana, na hapa wengi wanaharibu. Angalia jinzi kwa karibu, nyuzi za bluu zinashuka wima, nyeupe zinalala. Kata mistari miwili ya kulala, iachane kama sentimita 2, kisha kwa sindano uchomoe zile za bluu moja moja ubakize nyeupe. Ukimaliza zungushia mshono wa zigizaga kwa cherehani, la sivyo ukifua mara mbili tundu linakuwa dirisha.

Hatua ya nne, pini na viraka. Pini weka penye kitambaa mara mbili, yaani kwenye mishono, kola na mifuko. Jaketi langu la kwanza nilizipanga kwenye kitambaa kimoja begani, mkanda wa begi ukavuta nikishuka teksi, likachanika mpaka mgongoni, niliumia sana. Kiraka changu mimi ni lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, rangi yake ya udongo ikikaa juu ya jinzi utaipenda. Mgongoni andika neno lako mwenyewe, si jina la bendi usiyoisikiliza.

Maswali yenu sasa.

Dada wa Ntinda: "Lubugo si litaharibika nikifua?"
Litaharibika dada, usiloweke kabisa. Ndo maana mimi silishoni, nalibana kwa pini nne, siku ya kufua natoa.

Kaka wa Jinja: "Lakini panki si ilishauzwa kwa matajiri? Naona magauni ya pini bei ya gari."
Kaka, hilo ni la zamani. Mbunifu wa Uingereza Zandra Rhodes alitia pini kwenye magauni ya bei 1977, na 1994 mwigizaji Elizabeth Hurley akavaa lile jeusi la Versace lenye pini za dhahabu. Gauni zuri, sikatai, ila pale pini ni pambo. Hata nguo za Westwood zilikuwa ghali, ila yeye aliwaambia watu wazi wanunue kidogo na wachague vizuri, na mabegi yake mengine yalishonwa Nairobi kwa mabango ya barabarani na vipande vya ngozi vilivyobaki. Hapa kwetu muangalie Bobby Kolade wa Buzigahill, anachukua mivumba hii hii, anaishona upya, anaiuza kulekule ng'ambo ilikotoka. Mimi nikiangalia nguo nauliza aliyeitengeneza anasimamia nini, bei baadaye.

Mdogo wangu wa Mbale: "Mama hataki nivae kanisani."
Msikilize mama. Toa pini Jumamosi usiku, ziweke kwenye kopo, jaketi litabaki jinzi ya kawaida.

Dada wa Entebbe: "Pini zangu zimeacha kutu kwenye kola, nifanyeje?"
Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani kwa muda wa saa mbili hivi halafu fua. Jaribu kwanza upande wa ndani, ndimu inaweza kupausha rangi. Na pini zenye kutu tupa zote, usizirudishe.