Mpasheni joto mgonjwa kabla hajapewa usingizi (somo kwa wa wodini na wa tieta, yaani chumba cha upasuaji)

Assalaam alaykum nyote. Leo tuzungumze baridi. Najua kuna mtu keshacheka hapo, baridi gani Unguja na Pemba, tena kaskazi hii hata feni inapuliza moto. Haya, wewe mvue mtu nguo zote, mvishe lile gauni lisilo mgongo, mlaze kwenye machela ya rekisini chini ya eisii iliyowekwa 17, hajala tangu jana usiku, halafu mshike vidole vya miguu. Barafu. Na hapo sindano bado.

Mgonjwa wa operesheni akishuka chini ya digrii 36 tunahesabu kapoa, na si suala la kutetemeka tu. Damu inachelewa kuganda, dawa za usingizi zinachelewa kutoka mwilini, kidonda kinashika vijidudu upesi. Mwaka 1996 daktari wa usingizi Andrea Kurz na wenzake walitoa utafiti wa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana: walioachwa wapoe asilimia 19 walipata maambukizi ya kidonda, waliotunzwa joto lao asilimia 6. Sisi ambao kidonda kikioza ndugu ndo anaanza kuzunguka maduka ya dawa, namba hizo si za kuzipita tu.

Sasa kwa nini kabla? Maana wengi blanketi tunalikumbuka mtu meno yashaanza kugongana. Mwili joto lake limekaa ndani, kichwani, kifuani na tumboni, mikono na miguu iko chini kwa digrii 2 mpaka 4 hivi, na mishipa ya ngozi imejibana ili joto lisitoke. Ukimpa usingizi mishipa inaachia, damu ya moto inashuka miguuni na iliyopoa inarudi ndani, basi saa ya kwanza tu anaporomoka digrii 1 mpaka 1 na nusu, na hapo ukiwasha mashine ya kupasha joto ushakuwa unaikimbilia daladala iliyokwishaondoka. Lakini miguu ikiwa ishapata joto mapema, hakuna baridi nyingi ya kurudi ndani. Siri yote iko hapo.

Hatua ya 1, anzeni wodini. Watu wetu siku ya operesheni anaamka alfajiri anakoga, hasa mabibi, hakubali kwenda kwa daktari hajajitoharisha, na maji ya bomba saa zile yanakata. Msimkataze, mpeni maji ya vuguvugu na hakikisheni nywele zimekauka, maana nshawaona wanafika mlangoni mtandio umeroa mpaka mabegani. Soksi, kofia, blanketi. Na asivuliwe nguo masaa mawili kabla kwa vile tu zamu inataka kumaliza kazi.

Hatua ya 2, pimeni joto lake ndani ya saa moja kabla ya kuingia, na muandike. Mdomoni ni pazuri kwa mgonjwa anayejitambua, kwapani kinasoma chini, na zile bastola za kulenga usoni zilizobaki toka enzi za korona kwa kazi hii ziwekeni kando, zile zinapima ngozi. Akiwa chini ya 36 na si dharura, haanzi, anapashwa kwanza. Kama damu inamtoka au mtoto tumboni anachoka basi endeleeni huku mnampasha, hapo hakuna kusubiri.

Hatua ya 3 ndo yenyewe. Mashine ya kupuliza hewa ya moto pamoja na blanketi lake, muwekeeni kule kule anakosubiri, walau dakika 30. Ikikosekana nusu saa, hata dakika 10 zinasaidia. Bomba liingie kwenye blanketi lake, msilipenyeze hivi hivi chini ya shuka, watu wanaungua hivyo. Hamna mashine? Blanketi la kawaida, ila tuelewane, blanketi haliongezi joto, linazuia lililopo lisipotee. Tabaka moja linapunguza upotevu kwa asilimia 30 hivi, ukiongeza la pili na la tatu faida ni ndogo, kwa hiyo bora moja lililofika mabegani na nyayoni kuliko matatu yaliyorundikwa tumboni.

Hatua ya 4, ndani. Chumba kisipungue 21 mgonjwa akiwa wazi, funueni sehemu ya kupasua tu, dripu ikizidi nusu lita ipashwe 37 kwa kifaa chake na damu vile vile. Lita moja ya dripu ya joto la chumba inamshusha mtu mzima karibu robo digrii, sasa hesabu mwenyewe aliyetundikiwa nne. Pimeni kila nusu saa, akizinduka kila robo saa, na asirudi wodini hajafika 36.

MASWALI

Mkunga wa Micheweni: Sie mashine hatuna, tunajaza chupa maji moto tunamuwekea ubavuni. Vipi?
Jibu: Hapana dada yangu, acheni. Aliyelala au aliyekufa ganzi hasikii, chupa inamchoma na wala hasemi, mnakuja kuona malengelenge jioni. Blanketi, soksi, na zimeni eisii mpaka afunikwe.

Abuu: Daktari wetu anatoka jasho, anataka baridi.
Jibu: Ana haki yake, taa zile na lile joho si mchezo. Mgonjwa akishafunikwa na mashine ya joto inafanya kazi, teremsheni. Kabla ya hapo avumilie.

Bi Shangani: Mie si mtu wa hospitali, mama yangu anapasuliwa wiki ijayo kwa sindano ya mgongo, hapewi usingizi kabisa. Hiyo nayo inamhusu?
Jibu: Inamhusu sana bibi, miguu ikifa ganzi mishipa inaachia vile vile, na mzee anapoa haraka kuliko kijana. Mpelekee blanketi lililofuliwa na soksi nzito avae wodini, mambo ya ndani waachie wao.

Kijana wa Mkoani: Akiwa na homa je, tunapasha?
Jibu: Usipashe. Akifika 37.5 au zaidi mwite daktari, kitafutwe chanzo kwanza.