Kutengeneza albamu ya muziki wa kielektroniki Mwanza: mwongozo kwa DJ mkongwe

DJ aliyekesha kwenye mashine miaka ishirini anajua mdundo gani unainua watu na upi unawarudisha kwenye viti. Ujuzi huo ni mtaji, ila msikilizaji wa albamu yuko jikoni au kwenye daladala ya Buzuruga, hayuko mbele ya spika za inchi 18. Hatua nyingi hapa chini zinatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Andika nyimbo 8 hadi 10, kila moja na mwendo wake (mapigo kwa dakika) na noti yake ya msingi. Ukitaka santuri ya inchi 12, hesabu dakika 18 hadi 20 kila upande kwa mizunguko 33 kwa dakika. Ukizidisha, fundi wa kuchonga atalazimika kushusha sauti na kupunguza besi.

Kisha kata utangulizi. Baa 32 za kuchanganyia (kila baa mapigo manne), kwa mwendo wa 124, ni sekunde 62 za kiki tupu, yaani pigo zito la chini. Kwenye albamu baa 8 zinatosha, yaani sekunde 15 na nusu. Toleo refu lihifadhi kwa ma-DJ wenzako.

Hatua ya 2: Rekodi ngoma ya hapa

Hapa usiharakishe. Sampuli za ngoma za mtandaoni kila prodyuza anazo. Bugobogobo ya Wasukuma iko jirani yako, upande wa Kisesa, yalipo makumbusho ya Bujora. Patana na kikundi malipo na mgawo wa haki, kwa maandishi, kabla hujafungua maiki.

Rekodi kwa biti 24, kilohezi 48, na vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -6. Mpiga ngoma akichangamka huongeza nguvu kuliko alivyokuonyesha wakati wa majaribio, na sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Ngozi nayo ina tabia zake. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, ngozi inalegea, na noti inashuka wakati kurekodi kunaendelea. Wapigaji huikausha kwa moto mpaka ikaze. Rekodi mara tu inapotoka motoni, na kabla ya kila wimbo isogezwe tena motoni. Bila hivyo, vipande vya mwanzo na vya mwisho havitaungana hata ukivihariri vipi. Nenda asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Sifongo ya maiki pekee haiuzuii upepo huo. Ivishe maiki kifuniko cha manyoya.

Tumia maiki mbili: moja sentimita 30 kutoka kwenye ngozi, nyingine mita 3. Sauti itaifikia ya mbali ikiwa imechelewa karibu milisekunde 8. Ukizifungua pamoja na besi ikawa nyembamba, sababu ni hiyo. Kuza mchoro wa sauti, vuta ya mbali mbele mpaka pigo la kwanza lilingane, kisha jaribu kugeuza mkao wake (kitufe cha polariti, kinachopindua wimbi la sauti juu chini) na uchague upande wenye besi nene.

Usimlazimishe mpigaji afuate saa ya kompyuta. Mwendo wa ngoma hupanda kadiri mchezo unavyonoga, na kupanda huko ndiko unakokutafuta. Weka alama kwenye pigo la kwanza la kila baa, programu ndiyo ifuate ngoma. Ukivuta sauti ya ngoma zaidi ya asilimia 5 hivi, mlio wa mkono kwenye ngozi huanza kukwaruza.

Hatua ya 3: Amua nani anakaa chini

Kiki na ngoma kubwa vikigombania nafasi moja, utasikia mvumo usio na pigo. Wimbo ukiwa kwenye A, weka kiki kwenye hezi 55. Ukiwa kwenye G, 49. Ngoma ikate chini ya hezi 90, kwa mteremko wa desibeli 12 kwa kila oktavu. Besi ya kinanda ipitishe kwenye kompresa (kifaa cha kubana sauti) inayosikiliza kiki: ishuke desibeli 3 hadi 5, irudi baada ya milisekunde 120. Vyote vilivyo chini ya hezi 120 viweke katikati ya stereo.

Sikiliza pia sehemu ambazo kiki imenyamaza. Umeme wetu ni wa hezi 50, na waya mbovu huacha mvumo unaojificha chini ya kiki ya 49.

Hatua ya 4: Usiyaamini masikio yako peke yake

Miaka ya spika kubwa huumiza kwanza usikivu wa kati ya kilohezi 3 na 6. Matokeo yake, DJ mkongwe huongeza eneo hilo bila kujua, na wimbo unachoma masikio ya wengine. Changanya kwa sauti ya chini, linganisha na wimbo unaouamini, na mwite kijana asikilize. Kisha jaribu kwenye simu na kwenye redio ya bajaji.

Hatua ya 5: Kukabidhi

Mpelekee fundi wa masteringi (umaliziaji wa sauti) faili la WAV la biti 24, vilele visizidi desibeli -6, bila limita, yaani kizuizi cha vilele. Usimsukume aipandishe mno: Spotify husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika), hivyo ya -7 itashushwa tu, na mapigo yatakuwa yameshabanwa bure. Kila wimbo upewe ISRC yake, namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12, kazi isajiliwe COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, na majina ya wapiga ngoma yaandikwe kama yalivyo kwenye makubaliano, kabla ya kupakia, maana kuyarekebisha baadaye ni usumbufu mkubwa.