Kupima maji ya maporomoko kwa chungwa na tepu

Juzi nilikuwa msitu wa Karura na binti ya dada yangu, tumesimama mbele ya maporomoko huku rasharasha zikitulowesha. Akaniuliza, "Mjomba, kwa sekunde moja hapa hupita maji kiasi gani?" Jumamosi iliyofuata tuliomba ruhusa kwa walinzi, tukapima. Fanya hivi.

1. Usipime yanapoanguka. Maji hayo ndiyo yaliyopita mtoni muda mfupi kabla, kwa hiyo panda juu, mbali na ukingo, utafute mkondo ulionyooka wa mita 10 usio na mawe makubwa. Hakikisha kati yako na maporomoko hakuna pampu wala mfereji unaochota maji. Niagara, kwa mfano, sehemu kubwa ya maji ya mto huingizwa kwenye mitambo ya umeme. Mkataba wa 1950 kati ya Marekani na Kanada unataka mchana wa msimu wa watalii yaachwe yaporomoke angalau mita za ujazo 2,832 kwa sekunde.

2. Vaa gambuti. Maji yakifika magotini, toka. Masika usiingie kabisa.

3. Vuta tepu toka ng'ambo hadi ng'ambo, usome upana.

4. Kina. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima mara yangu ya kwanza: nilipima katikati tu, nikazidisha kwa upana, jibu likatoka karibu maradufu. Mto si sanduku. Kingoni ni kina cha kifundo cha mguu. Pima kwa fimbo kila baada ya mita moja ukifuata tepu. Tuseme mto una upana wa mita 6, na vina ni 0.10, 0.25, 0.40, 0.35 na 0.15, kingoni ni sifuri. Jumlisha: 1.25. Kwa kuwa nafasi ni mita moja moja, eneo ni mita za mraba 1.25. Kwa kosa langu ungepata 2.4.

Fimbo nayo ina hila zake. Maji hupanda upande unaoyakabili, kwa hiyo soma ubavuni. Penye matope itazama bila wewe kujua. Mimi hupigilia kifuniko cha mkebe chini yake. Na usisimame upande maji yanakotoka unapopima, miguu yako huyavuruga maji.

5. Kasi. Tumia chungwa. Chupa ya plastiki siipendi hata kidogo, kwani huelea juujuu na upepo huisukuma. Chungwa huzama karibu lote na rangi yake huonekana. Lidondoshe mita chache juu ya alama ya kwanza ili lishike mwendo, mwenzako alidake chini. Rudia mara tano, kingoni na katikati, utafute wastani. Sekunde 25 kwa mita 10 ni 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayojikwaruza kwenye mchanga: 0.34.

6. Eneo mara kasi: 1.25 × 0.34 = 0.425, yaani lita 425 kila sekunde.

Binti alizigeuza mara moja kuwa mitungi ya lita 20. Ishirini na moja, na zaidi kidogo, kila sekunde. Akatazama mto, akaanza kuhesabu kwa sauti.